Tai mchanga mmoja kwa wakubwa 32: tuisome upya aya moja ya Silent Spring

Kitabu cha Rachel Carson, Silent Spring, kilitoka mwaka 1962, na hadi leo ukikitaja darasani lazima watu wagawanyike. Wapo wanaosema ndicho kilichoamsha harakati za mazingira duniani. Wapo wanaosema mama yule alitia chumvi, DDT ikapigwa marufuku, na gharama ikalipwa na Afrika kwa malaria. Ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba pande zote mbili zinabishania jina la kitabu zaidi ya kurasa zake.

Sasa mimi nakuomba tufanye jambo dogo. Tuache kitabu kizima, tuchukue ushahidi mmoja tu. Uko kwenye sura ya ndege, sehemu inayohusu tai. Hapo Carson anatumia hesabu ya ndege mbuai, yaani ndege wanaowinda kama tai, kozi na vipanga, waliohesabiwa wakihama wakati wa majani kupukutika huko Marekani. Aya yenyewe ni fupi, unaimaliza kwa nusu dakika. Lakini ukiikagua kama mtu anayefanya kazi na takwimu, inakufundisha mambo mawili. Kwanza, hesabu yake ni nzuri kuliko wanavyodai wapinzani wake. Pili, ina mashimo ambayo wapenzi wake huwa hawayasemi.

Namba zilitoka wapi

Zilitoka Hawk Mountain, kilele kwenye mgongo mrefu wa milima ya Kittatinny, mashariki mwa jimbo la Pennsylvania. Kabla ya 1934 watu walikuwa wanapanda pale kila mwaka na bunduki kuwatungua ndege waliokuwa wanapita. Hawakuonekana wahalifu. Wakati huo ndege mbuai walihesabiwa kuwa wezi wa kuku na maadui wa wawindaji, na jimbo lilikuwa linalipa dola 5 kwa kila kipanga mkubwa wa aina fulani aliyeuawa. Mwaka 1934 mwanamke wa New York aitwaye Rosalie Edge akaukodi mlima, akamweka Maurice Broun na mkewe Irma kuulinda. Broun akaanza kuhesabu kilichokuwa kinapita. Hesabu hiyo imeendelea tangu hapo, ikikatika tu miaka ya vita, 1943 hadi 1945.

Kwa nini ndege wapite hapo na siyo kwingine? Upepo wa kaskazini-magharibi unapogonga ubavu wa mlima hauna pa kwenda ila juu. Ndege mwenye mabawa mapana akikaa juu ya upepo huo anateleza kilomita nyingi bila kupiga bawa, na kwa msafiri wa maelfu ya kilomita, kupiga mabawa ni kuchoma mafuta. Kwa hiyo mgongo wa mlima unakuwa barabara. Mhesabuji anakaa juu ya mawe na darubini, anaandika aina ya ndege, saa, upepo, mawingu, na umri wa ndege kama unaonekana.

Hilo la umri lishike vizuri. Tai anayezungumziwa ni yule mwenye kichwa cheupe, wa kwenye nembo ya Marekani, ndugu wa karibu wa furukombe wetu. Akiwa mkubwa ana kichwa cheupe na mkia mweupe, huwezi kumkosea. Akiwa wa mwaka wa kwanza ni mweusi-kahawia mwili mzima. Inamchukua kama miaka mitano kuvaa nguo za utu uzima.

Kwa nini jumla peke yake haisemi kitu

Tuseme mwaka huu umehesabu tai 50 na mwaka jana ulihesabu 40. Wameongezeka? Hujui. Labda mwaka huu upepo wa kaskazini-magharibi ulivuma siku nyingi zaidi. Labda mwaka jana anga lilikuwa jeupe bila wingu, na ndege aliye juu sana kwenye anga tupu hapati cha kumtofautisha, macho yanampita. Labda mwaka huu mlikuwa wahesabuji wanne na mwaka jana wawili. Labda mmenunua darubini mpya.

Ni kama kukaa kituo cha Ubungo ukihesabu daladala ili ujue Dar es Salaam ina daladala ngapi. Trafiki akifunga barabara siku hiyo, hesabu yako inashuka ingawa hakuna hata gari moja lililokufa.

Lakini kuna swali lingine ambalo pale Ubungo unaweza kulijibu vizuri zaidi: katika magari yanayopita, Coaster ni ngapi na vipanya ni vingapi? Trafiki akifunga barabara, anazizuia zote. Jumla inaharibika, ila uwiano unabaki karibu na ulivyokuwa. Ukiona vipanya vinazidi kupungua kati ya magari yanayopita, mwaka baada ya mwaka, hapo una habari.

Alichofanya Carson vizuri

Carson hakuandika kwamba tai wamepungua kwa idadi fulani pale mlimani. Aliandika uwiano. Miaka ya mwanzo, 1935 hadi 1939, asilimia 40 ya tai walioonekana walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 walikuwa asilimia 20 tu. Na mwaka 1957 kulikuwa na tai mchanga mmoja kwa kila wakubwa 32.

Huo ni uchaguzi wa mtu anayejua data yake inaumwa wapi. Upepo mbaya unawapoteza tai wakubwa na wadogo pamoja. Mhesabuji aliyechoka anawakosa wote wawili. Kwa kugawanya kundi moja kwa jingine lililopita mlima uleule siku zileile, sehemu kubwa ya makelele hayo inafutika.

Tena alijipunja mwenyewe. Msomaji akisikia kutoka asilimia 40 hadi 20 anasema “imepungua nusu”. Hebu tupige hesabu. Asilimia 40 maana yake katika tai 100, wachanga ni 40 na wakubwa 60, yaani wachanga 67 hivi kwa kila wakubwa 100. Asilimia 20 maana yake wachanga 20 na wakubwa 80, yaani wachanga 25 kwa kila wakubwa 100. Kutoka 67 hadi 25 ni kushuka kwa zaidi ya asilimia 60. Mwaka 1957 ni wachanga 3 kwa kila wakubwa 100. Kumbuka sehemu za shule ya msingi, kiasi juu na asili chini. Carson alitumia asili ya “tai wote”. Angetumia asili ya “tai wakubwa”, ambao ndio wazazi, picha ingekuwa mbaya zaidi na ya haki zaidi.

Jambo la pili alilofanya vizuri ni kutosimama na shahidi mmoja. Kabla ya Hawk Mountain anatupeleka Florida kwa Charles Broley, mfanyakazi wa benki mstaafu kutoka Kanada aliyekuwa anapanda miti kuwavisha makinda wa tai pete miguuni. Ndani ya miaka kumi alivisha pete makinda zaidi ya 1,000. Kuanzia 1947 makinda wakaanza kuadimika. Kati ya 1952 na 1957 viota kama asilimia 80 havikutoa kinda. Mwaka 1958 alizunguka pwani zaidi ya kilomita 160 kabla ya kumpata kinda mmoja wa kumvisha pete.

Utaona uzito wake ukijua kwamba pete za Broley zilionyesha tai wa Florida wanaruka kaskazini, wengine hadi Kanada, kisha wanarudi kusini. Yaani baadhi ya ndege waliokosekana angani Pennsylvania ni walewale waliokosekana kwenye viota Florida. Mmoja alihesabu mtini, mwingine mlimani, njia zao zilikuwa tofauti kabisa, na wote wawili wakaona kitu kilekile: wazazi wapo, watoto hawapo. Kwenye sayansi ya nje ya maabara huwa hupati bahati kubwa kuliko hiyo.

Pale anapoteleza

Sasa upande wa pili, na hapa sitamhurumia.

La kwanza, ametupa asilimia bila idadi. Asilimia 20 ya tai wangapi? Ukiwa na tai 1,000, asilimia 20 ni kitu kizito. Ukiwa na tai 40, ni tai 8. Kundi la tai wachanga wanne likipita nyuma ya wingu, au likipita mhesabuji akila chakula cha mchana, asilimia yako inayumba. Tai wa aina hii wakati ule hawakuwa wengi pale mlimani, kwa hiyo swali hili siyo la kichokozi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akileta asilimia bila idadi, msimamizi anamrudishia karatasi.

La pili, ule mwaka 1957. Kwa nini ametaja huo peke yake? Kwa sababu ndio unaotisha. Namba ya mmoja kwa 32 inakaa kichwani, na mimi mwenyewe nimeiweka kwenye kichwa cha habari. Lakini uwiano wa mwaka mmoja, kwa ndege wachache, ndio unaoyumba kuliko yote. Ushahidi wa kweli ni wastani wa miaka mitano dhidi ya miaka mitano. Ule mwaka mmoja ni pilipili. Hakuna ubaya kuweka pilipili kwenye chakula, mradi mlaji asiambiwe hiyo ndiyo nyama.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Carson anaanza kwa kuzungumzia tai wa mwaka mmoja, wale weusi mwili mzima, kisha anaendelea kuzungumzia tai ambao hawajakomaa kana kwamba ni walewale. Siyo walewale. Tai ambaye hajakomaa anaweza kuwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu au minne, mwenye mabaka meupe hapa na pale. Tofauti hiyo inabadilisha maana ya namba yenyewe. Ukihesabu wa mwaka wa kwanza tu, unapima uzazi wa msimu uliopita. Ukihesabu wote ambao hawajakomaa, unapima uzazi wa miaka minne ukichanganya na vifo vya vijana ndani ya miaka hiyo. Vijana wakipungua kwa kupigwa risasi, namba ya pili itashuka hata kama viota vimejaa makinda.

La nne, urefu wa msimu. Tai waliozaliwa kusini hupita mapema, Agosti na Septemba, wakirudi nyumbani. Wa kaskazini huja baadaye, hadi Desemba. Ukirefusha msimu wa kuhesabu upande mmoja, umebadilisha mchanganyiko wa ndege bila ndege wenyewe kubadilika. Aya haituambii kama miaka ya 1930 na ya 1950 ilihesabiwa kwa siku zilezile.

Je, mashimo haya yanaizamisha aya? Kwa maoni yangu hapana. Kushuka kutoka wachanga 67 hadi 25 kwa wakubwa 100 ni kukubwa mno kuelezwa na msimu uliorefushwa peke yake, na viota vya Broley havina habari na upepo wa Pennsylvania. Lakini ni ushahidi wa Broley unaoibeba aya hii, siyo namba yake maarufu.

Kutoka “kuna shida” hadi “shida ni DDT”

Hesabu ya mlimani inaweza kukuambia watoto hawapo. Haiwezi kukuambia nani kawachukua. Hiyo ni hatua nyingine na inataka ushahidi wa aina nyingine.

Carson alilijua hilo, ndiyo maana kwenye sura hiyohiyo anapitia majaribio ya maabara ya James DeWitt, ambapo kware na ndege wengine waliolishwa DDT walitaga mayai ya kawaida lakini machache ndiyo yaliyoanguliwa. Ni daraja zuri, ila ni jembamba. Kware siyo tai, na chakula cha maabara siyo samaki wa mtoni. Mwaka 1962 mtu mwenye akili timamu angeweza kusema: nakubali tai hawazai, bado hujanithibitishia sababu.

Uthibitisho ulikuja baadaye, naye hakuuona, alifariki 1964. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alilinganisha maganda ya mayai yaliyohifadhiwa kwenye makusanyo ya zamani na mapya, akaonyesha kwamba maganda ya baadhi ya ndege mbuai yalianza kuwa mepesi miaka ya mwisho ya 1940, wakati DDT ilipoanza kusambaa. Mwaka 1968 Joseph Hickey na Daniel Anderson wakaonyesha hali hiyohiyo Marekani. Kumbe DDT ikivunjika mwilini inaacha kemikali iitwayo DDE, ambayo inavuruga upelekaji wa kalisi kwenye ganda. Mama analalia, yai linapasuka. Rudi kwa Broley: 1947. Miaka inakutana.

Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT mwaka 1972. Mwaka 1963 majimbo 48 ya bara yalikuwa na jozi 417 tu za tai zilizojulikana kuwa na viota. Kufikia 2007, tai huyo alipotolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, jozi zilikaribia 10,000. Sifa zote zisiende kwa DDT tu, maana kulikuwa pia na sheria dhidi ya kuwapiga risasi na ulinzi wa maeneo ya viota.

Na malaria je? Hapa kwetu hoja hii haiishi, kwa hiyo tuiseme waziwazi. Marufuku ya 1972 ililenga mashamba ya Marekani, na matumizi ya afya ya jamii yaliachiwa nafasi. Mkataba wa Stockholm wa 2001 nao unaruhusu DDT kwa kudhibiti mbu wa malaria chini ya masharti. Kupuliza ukutani ndani ya nyumba siyo sawa na kumwaga kwa ndege juu ya mashamba na mito. Carson mwenyewe aliandika kuhusu wadudu kujenga usugu, jambo ambalo daktari yeyote wa malaria atakuambia linamnyima usingizi. Anayesema tai walipewa thamani kuliko watoto wa Afrika anapaswa kwanza aonyeshe ni ukurasa gani.

Sisi huku

Tai wa Marekani hawatuhusu sana, lakini mbinu inatuhusu. Kila mwaka ndege mbuai kutoka Ulaya mashariki na Asia wanashuka Afrika, na kwa sababu hawapendi kuvuka maji mapana, wengi wanabanwa kwenye njia nyembamba. Moja ni Bab-el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti. Mwaka 1987 walihesabiwa pale karibu ndege mbuai 250,000 katika msimu mmoja. Mmoja wa wasafiri hao ni tai wa nyika za Asia, tumwite tai-nyika, anayefika kwetu wakati wa mvua za vuli na kula kumbikumbi ardhini kama kuku. Tangu 2015 anahesabiwa kuwa hatarini kutoweka duniani.

Na kosa la kuruka kutoka uwiano hadi sababu linatuandama. Mwaka 2004 watafiti waliripoti kwamba tai-nyika wanaopita Eilat, Israel, wamepungua, na uwiano wa vijana umeshuka pia. Wakauliza: ni sadfa, au ni urithi wa Chernobyl? Swali ni halali, na waliliweka kama swali. Lakini linganisha na Carson. Pale kulikuwa na viota vya Florida na maabara ya kware. Hapa kuna mlango mmoja wa kupita na tarehe ya ajali. Msomaji mwenye haraka anaondoka na mionzi kichwani, ilhali ndege huyuhuyu anauawa na nyaya za umeme, sumu na kupotea kwa nyika.

Kuna mtego mwingine wa kwetu hasa. Tai-nyika vijana kwa kawaida husonga kusini zaidi kuliko wakubwa. Ukihesabu Ethiopia na mwenzako akahesabu Serengeti, mtapata uwiano tofauti hata kama hakuna shida yoyote. Uwiano unalinganishwa na wenyewe tu: mahali palepale, msimu uleule, miaka mingi.

Hilo linawezekana hapa. Utafiti wa Kenya uliochapishwa 2022 ulilinganisha ndege mbuai walioonekana barabarani 1970 hadi 1977 na 2003 hadi 2020, wakihesabiwa kwa kila kilomita 100. Aina 19 kati ya 22 zilikuwa zimepungua. Angalia asili ya sehemu hiyo: kilomita. Hawakusema tu “tuliona ndege wachache”, walisema wachache kwa umbali ule ule uliosafiriwa. Ni nidhamu ileile ya Carson kwa njia nyingine, na idadi zimewekwa wazi. Kinachobaki kuongezwa ni umri.

Na hilo halihitaji maabara. Tai-nyika mchanga akiruka anaonyesha mkanda mpana mweupe chini ya bawa, mkubwa hana. Ukiwa safarini Novemba hii ukawakuta wametua kwenye kumbikumbi, usiandike “tai wengi”. Andika mahali, tarehe, muda uliokaa, wenye mkanda wangapi, wasio na mkanda wangapi, na wangapi hukuweza kuwatambua. Hiyo safu ya mwisho usiione aibu kuijaza. Carson angekuwa nayo, wewe na mimi leo tungekuwa na la kubishana kidogo zaidi.